Msumari wa Chini

Shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja. Anayekwambia linakunjwa na mmoja ama ana mikono ya nyani, ama hajawahi kuifanya kazi hii, na hao wa pili ndio wengi. Mnashika ncha mbili mbili, mnarudi nyuma hadi linyooke, mnalikung'uta mara moja, paa, kisha mnaendeana. Mnakutana katikati, anakupa ncha zake, unazishika, anainama kuokota mkunjo unaoning'inia, mnaanza tena. Kwa miaka tisa nilikutana na mwanamke yule katikati ya mashuka mara nyingi kwa siku kuliko nilivyokutana na marehemu mume wangu kwa mwezi, na marehemu simlaumu, alikuwa dereva wa lori za masafa.

Tulikuwa wafuaji wa gesti moja hapa Nyeri, upande wa mteremko wa kwenda mtoni. Waliolala pale walikuwa watu waliokuja kuona wagonjwa wao hospitalini, wauzaji wa dawa za mifugo, na Jumamosi wageni wa harusi, ambao huacha mashuka yamejaa keki. Mwenye gesti alikuwa mzee aliyestaafu ualimu, akachukua pensheni yake yote akaigeuza kuwa mawe na mabati. Nyuma ya jiko kulikuwa na banda la kufulia: sakafu ya simiti, makarai mawili makubwa, bomba moja, na nje kamba sita za kuanikia. Mlima tuliutazama kwa sababu moja tu. Ukijifunika kabla ya saa nne, siku hiyo blanketi halikauki.

Mwenzangu alikuwa Mmeru wa upande wa Timau. Mrefu, mpole, na mikono yake ilikuwa na nguvu za kukamua blanketi hadi tone la mwisho. Aliletwa Nyeri na ndoa, ndoa ikaenda zake, yeye akabaki na mapacha wa kike. Mimi ni mzaliwa wa milima ya Othaya, mfupi wa kimo, mrefu wa mdomo. Yeye Kikuyu alikisikia kidogo, mimi Kimeru nilikisikia nusu, kwa hivyo tuliongea Kiswahili chetu cha huku juu, kile ambacho mwalimu wangu wa darasa la saba angekisikia angelia. Aliniita shosho kwa kunichokoza kwa sababu nilikuwa na wajukuu, ingawa nilimzidi miaka kumi tu. Mimi nilimwita Nguzo ya Stima.

Tuliwajua wageni kwa mashuka yao bila kuwaona. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba shuka la mtu mwenye mgonjwa mahututi halina mikunjo katikati. Ni ukingoni tu, pale alipokaa akingoja kukuche. Tukilipata shuka la namna hiyo hatukuliongelea sana, ila siku hiyo aliweka sabuni zaidi na mimi nikasuuza mara mbili. Basi. Mambo mengine yote tuliyaongea, na kuyarudia, na kubishana juu yake, hadi mpishi akawa anafunga dirisha la jiko apate kusikia sufuria zake.

Leba Dei ile hatukupumzika, maana wageni hawana sikukuu. Redio yangu ndogo ilikuwa dirishani. Mkubwa wa nchi alihutubia, akasalimia huku na huku, akasifu, akaahidi, na mwishoni akasema mshahara wa chini umepandishwa. Niliacha shuka majini. Mwenzangu akaniuliza, ati hata sisi? Nikamwambia hata sisi, si wamesema wa chini, ebu nionyeshe nani yuko chini yetu hapa, tumeshafika kwenye simiti. Tukapiga ngemi tano, vile vigelegele ambavyo kwetu hupigwa akizaliwa mtoto wa kiume. Mpishi akatoka na mwiko akiuliza ni nani amejifungua. Juu kwenye roshani mzee alikuwa ameketi na redio yake, kituo kilekile. Alitutazama, akaizima, akaingia ndani.

Niseme ukweli kuhusu mshahara wetu. Hata ule wa sheria ya zamani hatukuwa tumeufikia. Sisi tulijua, yeye alijua, na hakuna aliyelitaja, kwa maana tulikunywa chai yake saa nne, tukala githeri yake saa saba, na nilipofiwa ndiye aliyetoa gari la kumtoa mume wangu mochari bila kuitisha hata mafuta. Mtu kama huyo utamshtaki wapi? Tulinyamaza kwa adabu, na adabu hiyo ilimfaa yeye kuliko ilivyotufaa sisi.

Wiki chache baadaye maafisa wa leba wakaanza kupita mjini. Waliingia kituo cha mafuta, wakaingia buchari, wakauliza nani analipwa nini na tangu lini. Habari zilifika kwetu kabla yao. Jumanne moja mzee akashuka hadi banda la kufulia, mahali ambapo hakuwa na kawaida ya kukanyaga, akiwa na karatasi alizochapishiwa saiba, duka la kompyuta. Akapindua karai, akalikalia. Akatusomea anacholipwa kisheria mfanyakazi wa mjini kama sisi, na nilihisi kizunguzungu cha furaha. Kisha akasema hana. Vyumba vinalala vitupu katikati ya wiki, ada za kaunti zinapanda, na kulipa chini ya sheria hatalipa tena, amezeeka, hataki kusimamishwa kortini na mvi zake. Angeweza kumlipa mmoja wetu mshahara kamili pamoja na kila kitu ambacho sheria inasema. Wawili asingeweza. Angenunua mashine ya kufulia ya mtumba imsaidie huyo mmoja.

Nikamwuliza huyo mmoja ni nani. Alivua kofia, akaitazama ndani.

"Kuchagua nimeshindwa," akasema. "Chagueni wenyewe, mniambie Ijumaa."

Nilimwambia asante kwa kisu, sasa atuonyeshe na shingo ya kukata. Mwenzangu alinivuta gauni ninyamaze. Mzee alivaa kofia yake, akarudi juu polepole akishika ukuta.

Hadi leo sijui kama kweli hakuwa na uwezo. Nimewasikia watu wa redio wakibishana, mmoja anasema nyongeza inaua kazi, mwingine anasema waajiri ni wachoyo tu, na wote wawili wana sauti za watu walioshiba. Siku nyingine nimeamini hivi, siku nyingine vile. Nilichokiona kwa macho yangu ni kwamba makarai yalikuwa mawili likabaki moja, na kwamba kwa mara ya kwanza maishani mwangu kazi ya mikono yangu ilipewa bei ya kibinadamu. Yote mawili yalikuja na karatasi ileile.

Alasiri hiyo tulianua nguo. Tukaanza kukunja. Shuka la kwanza, la pili. Kwenye la tatu, tukiwa tumelivuta na liko katikati yetu, nikasema, "Tufanye ngwatio."

Ngwatio ni desturi yetu ya kulimiana. Leo wanawake wote wanakuja shambani kwangu, kesho kwako, keshokutwa kwa jirani, hadi kila mtu amelimiwa. Nilimweleza nilivyoiona: kazi ni moja, tuigawane zamu. Wiki moja yeye, wiki moja mimi, mshahara tunakata katikati. Hakuna atakayefukuzwa. Wiki ambayo huna zamu unatafuta kibarua kingine. Mzee hatajali ni mikono ya nani iliyo majini, mradi ni miwili.

Alisimama akiwa ameshika ncha zake. Alinitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Sawa, shosho," akasema. Kisha akaja, tukakutana katikati, akanipa shuka.

Hapa ndipo mahali ninapotaka kupapita haraka, na kwa sababu hiyo nitapapita polepole. Mapacha wake walikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni, na karo yao yote ilitoka kwenye karai lile. Watoto wangu mimi ni watu wazima, mmoja Nairobi, mwingine Ghuba, na kila mwezi simu inalia kwamba wametuma kitu. Walikuwa wameniomba miaka mitatu mfululizo niache kazi nipumzike. Nyumba yangu ni ya mawe, kuku wanataga, shamba lina nduma na ndizi. Kwa haki, kazi ilikuwa yake nzima. Ningemwambia tu: kaa nayo, mimi nimezeeka. Maneno manne.

Sikuyasema kwa sababu ya nyumba ile ya mawe. Tangu mume wangu afe, ukiweka kikombe mezani asubuhi unakikuta jioni palepale ulipokiweka. Hakuna aliyekisogeza. Hakuna wa kukuuliza mbona hujakiosha. Nilikuwa nikienda kazini kukikimbia kikombe hicho, si kutafuta pesa, na nilijua wazi wazi kwamba nikiiacha kazi nitakaa mbele yake hadi nife. Nilimwonea mwenzangu huruma, ndiyo, lakini nilijionea mimi zaidi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, wanasema, na mimi nilimjua vizuri, nikamkatia mkate katikati hata hivyo.

Tena nikasifiwa! Mzee aliposikia alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema sasa ameona utu. Habari zikafika kanisani kwetu, na Jumapili mwenyekiti wa akina mama akanisimamisha, akaeleza jinsi nilivyokata mshahara wangu kwa ajili ya mama asiye na mume. Wakapiga makofi. Nilisimama pale na kitambaa changu kichwani, nikapokea makofi yote, sikurudisha hata moja.

Basi zamu zikaanza, na mashine ikaja, nyeupe, ina kutu kwenye mguu mmoja. Ilifua vizuri, siikosei heshima. Lakini mashine inafua tu, haikunji. Jumatatu yangu ya kwanza nilianua shuka la kwanza nikalishika ncha mbili, nikanyanyua macho, na mbele yangu palikuwa na ukuta. Nililikunjia kwenye meza kwa kulivingirisha hivi na hivi, likatoka kama chapati ya mtu anayejifunza. Wiki nzima mashuka yalipanda vyumbani yakiwa na aibu.

Jumatatu ya zamu yangu ya pili nikakuta msumari ukutani. Ni yeye aliyekuwa ameupigilia, mrefu, wa inchi nne, na kichwa chake amekipinda kidogo kwa juu. Nilifahamu mara moja. Unatundika pindo la shuka kwenye msumari, unarudi nyuma, unalinyoosha, unalikung'uta, kisha unaliendea. Akili hiyo ilikuwa yake. Shida ni kwamba aliupigilia kwa kimo chake, Nguzo ya Stima, na mimi nikiunyoosha mkono naufikia kwa ncha ya kucha. Nikachukua kreti ya soda, nikawa napanda, natundika, nashuka, nakunja, napanda tena natundua. Ilikuwa kazi ya kuchekesha, na hapakuwa na wa kucheka.

Ndipo nilipoona kosa langu lingine, kubwa kuliko lile la uchoyo. Ngwatio ya mama yangu ilikuwa wanawake kumi na wawili kwenye shamba moja, wamejipanga mstari, wakitaniana hadi jua likatua. Mashamba ndiyo yaliyokwenda kwa zamu, watu hawakuachana. Sisi tuligeuza. Shamba likawa moja, watu wakaenda kwa zamu. Nilikuwa nimegawana kazi na rafiki yangu ili nisimpoteze, na kwa kugawana huko nikawa simwoni kamwe. Nikiingia, yeye ametoka. Akiingia, mimi niko nyumbani nasalimia kuku.

Nilimpigia simu, sana tu. Lakini yeye simu aliichukulia kuwa kitu cha kuambiwa nani amekufa. Akipokea anauliza, kuna nini? Ukimwambia hakuna kitu, anasema haya, Mungu asifiwe, na anakata. Kanisa lake lilikuwa lingine, upande mwingine wa mji. Na wiki ambazo hakuwa na zamu hakukaa nyumbani. Mpishi aliniambia anakwenda Othaya kuchuma majani chai kwenye mashamba ya watu, na mavuno yakiwa mabaya anashuka hadi Kagio kuchagua nyanya sokoni. Kwa hivyo tuliongea kwa vitu. Jumatatu nilikuta kipande cha sabuni ya mche amenikatia, amekifunga kwenye gazeti kisilowe. Nilikuta vibanio vya nguo amevipanga viwili viwili. Mimi Jumamosi nilimwachia nduma iliyochemshwa, na Jumatatu yangu nilikuta bakuli limeoshwa, ndani ameweka parachichi. Nilikuwa nikilishika parachichi hilo na kuona haya kulila.

Julai ikaja na baridi yake. Manyunyu kutwa, mlima hauonekani juma zima, blanketi zinaning'inia jikoni juu ya meko zikinuka moshi. Ilikuwa mwezi huo mpishi aliponiambia mapacha wamerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Alinong'ona, kama jambo ambalo halinihusu. Siku hiyohiyo mzee alisimama mlangoni mwa banda, akakohoa, akasema, "Yule mwenzako ana watoto shuleni."

"Kwani mimi sina watoto?" nikamjibu.

"Wako wana ndevu," akasema, akaenda.

Nilikasirika wiki nzima. Nilikataa hata chai yake ya saa nne, nikaleta yangu ndani ya thamosi, na kila nilipopanda kwenye kreti nilimjibu mzee kwa sauti, majibu mazuri, makali, ambayo ukuta uliyasikia yote. Nani alileta habari ya kuchagua mmoja? Nani alikaa miaka tisa akilipa chini ya sheria, akaamka siku moja kuwa mwema kwa gharama yetu? Yalikuwa maswali ya haki. Lakini nilijua nimeyauliza ili nisiulizwe langu.

Jumamosi moja ya zamu yake nilishindwa. Nikavaa, nikapanga uongo kwamba nimesahau sweta, nikaenda. Nilimkuta amelemewa na mashuka ya harusi, rundo hadi kiunoni. Hakuuliza sweta iko wapi. Alichukua shuka, akanirushia ncha mbili, nami nikarudi nyuma. Tulikunja yote. Alinihadithia mama mmoja wa Kagio anayeweka nyanya nzuri juu ya kreti na mbaya chini, kisha anaapa kwa jina la mchungaji, na mimi nikamwambia ya jogoo wangu anayelala ndani ya gumboti za marehemu. Tulicheka mpaka mpishi akafunga dirisha. Haki nilikuwa na furaha siku ile. Lakini tulipokutana katikati niliiona mikono yake. Vidole vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa majani chai, vimepasuka, na mifupa ya kifundo imetokeza.

"Umekonda," nikamwambia.

"Ni mbio tu, shosho."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa yale maneno manne. Yalinijia mdomoni kabisa. Nikasema atafute maziwa anywe, na nikainama kuokota mkunjo.

Tulipomaliza mzee alishuka. Aliongea kwa upole mkubwa, akiangalia mashine. Alisema amefurahi kutuona pamoja, ila maafisa wa leba wanaweza kuingia siku yoyote, na wakikuta wafuaji wawili kazini na karatasi ina mmoja, atawaambia nini? Sheria iliyokuja kutulinda sasa ilikuwa haitaki tuonekane pamoja. Nilichukua mkoba wangu. Sweta ya uongo niliisahau kuitafuta.

Hiyo ndiyo mara ya mwisho kukunja naye.

Zamu zikaendelea hadi shule zilipokaribia kufungwa mwezi wa nane. Jumatatu moja niliingia bandani, nikavuta kreti yangu kwa mguu kama kawaida, nikatundua shuka la kwanza kambani, na nilipogeukia ukuta nikaona msumari wa pili. Ulikuwa chini ya ule wa kwanza, karibu futi nzima, mpya, unang'aa, na kichwa chake amekipinda kidogo kwa juu. Nikaunyoosha mkono. Ulifika kiganjani mwangu kabisa, bila kreti.

Nilisimama pale na shuka begani. Mtu anayerudi wiki ijayo hakupigilii msumari wako. Nilijua kabla mpishi hajatoka jikoni, akijipangusa mikono kwenye aproni, kuniambia kwamba mwenzangu alikuja Jumamosi na nyundo, akamuaga mzee, akaacha ufunguo. Dada yake alikuwa amemtafutia kazi kwenye shamba la maua huko Timau. Mshahara wa shambani huwekwa chini ya ule wa mjini, mpishi alisema, lakini ni wa mwezi mzima.

Nikampigia simu nikiwa nimekaa kwenye kreti. Alipokea, na kwa mara ya kwanza hakuuliza kuna nini.

"Umeiona?" akaniuliza.

"Nimeiona."

"Hiyo ya juu ingekuvunja nyonga siku moja, na hiyo kreti yako."

Nyuma yake nilisikia upepo ukipigapiga karatasi ya nailoni, na wanawake wengi wakiongea Kimeru kwa pamoja, wakicheka. Nikamwambia arudi. Nikamwambia mimi nimezeeka, kazi ni yake yote, nampelekea mzee habari sasa hivi. Maneno yalitoka yote, manne na mengine hamsini juu yake, na yalikuwa yamechelewa miezi mitatu.

"Watoto nimeshawahamisha, shosho. Wataanza shule ya huku, ya kutwa. Karo ni kidogo."

"Kwa nini hukuniambia wakati ule?"

 Nilidhani amekata, kama kawaida yake.

"Nikuambie nini? Siku ile ulisema ngwatio niliangalia macho yako. Nikajua huyu anaogopa nyumba yake. Nikasema, wacha nikae na yeye kidogo."

Mtu akamwita kwa Kimeru. Akaniambia niwasalimie kuku, na akakata.

Watu wa kanisani walinipigia makofi bure. Aliyekuwa amekata mshahara wake katikati kwa ajili ya mwenzake alikuwa kwenye pikipiki ya kwenda mashamba ya chai, na vidole vilivyopasuka, na hakumwambia mtu. Nililia kidogo, nikanawa uso bombani. Mashine ilikuwa imesimama, inalia mlio wake wa kuitisha nguo.

Sasa mshahara naupata mzima. Ni pesa nyingi kuliko nilizowahi kushika kwa jasho langu, na kila mwisho wa mwezi mzee ananipa karatasi natia sahihi. Wanangu wameacha kuniambia nipumzike, wanasema hongera. Leba Dei iliyofuata mkubwa wa nchi alihutubia tena, nami nikaifungua redio ile ndogo dirishani, nikasikiliza hadi mwisho, nikiwa na taulo mkononi. Nilimfikiria mama fulani nisiyemjua, mahali fulani, akipiga ngemi na mwenzake, na nilitaka sana nyongeza iwafikie wote wawili.

Kreti niliirudisha jikoni. Nalitundika shuka kwenye msumari wa chini, narudi nyuma hadi linyooke, nalikung'uta mara moja, kisha naliendea mimi, njia yote, hadi ukutani.